Nara: Mji wa Mahekalu na wa Maandishi Yaliyotupwa

Mji wa Nara uko upande wa kaskazini wa bonde la Yamato, katika kisiwa cha Honshu, nchini Japani. Kwenda Osaka ni mwendo wa kilomita 30 hivi, na kwenda Kyoto ni kama kilomita 40. Wageni wauendeao huwa wamekwisha kusikia habari zake mbili, yaani ile sanamu kubwa ya Budha, na wale kulungu watembeao njiani pasipo kumwogopa mtu. Habari hizo ni za kweli, nazo zitaelezwa mahali pake. Walakini kwa mtu ashughulikaye na lugha na maandishi, Nara ina jambo jingine limpasalo kulitazama. Ulikuwa mji mkuu wa nchi kwa kipindi kifupi, toka mwaka 710 hata 784, kisha serikali ikauhama. Lakini maisha ya watu wake, chakula chao, mishahara yao, hata malalamiko yao, twayajua kwa undani kuliko ya miji mingi iliyotawala kwa karne nyingi. Na sehemu kubwa ya ujuzi huo haikutoka katika vitabu vilivyoandikwa ili vihifadhiwe. Ilitoka katika karatasi na vibao vilivyokwisha kazi, vikatupwa.

Zamani, wafalme wa Yamato hawakuwa na mji mkuu wa kudumu. Kila mtawala mpya alijenga jumba lake mahali pengine. Mwaka 710 Malkia Genmei aliihamisha serikali kutoka Fujiwara, kusini mwa bonde hilo, akaiweka katika mji mpya ulioitwa Heijo, ndio Nara. Mji ulipimwa kwa kufuata mfano wa Chang'an, mji mkuu wa Uchina katika enzi ya Tang. Barabara zilinyoshwa kama mistari ya ubao wa dama, kasri ikawekwa upande wa kaskazini, na barabara kuu yenye upana wa mita 70 na zaidi ikashuka toka lango la kasri kwenda kusini. Upande wa mashariki, penye miinuko, paliongezwa mtaa wa nje, na huko ndiko yalikojengwa baadhi ya mahekalu makubwa. Yafaa msomaji akumbuke mpango huu, kwa kuwa mji wa Nara wa leo umekua katika mtaa ule wa nje, penye mahekalu. Mahali pa kasri yenyewe pakaachwa pakawa mashamba ya mpunga.

Pamoja na mpango wa mji, Wajapani waliazima kwa Wachina sheria, dini ya Budha, na hati. Na hapo ndipo lilipo fumbo la kwanza la Nara. Kichina na Kijapani si lugha za jamii moja. Kichina hakibadilishi umbo la maneno yake, lakini kitenzi cha Kijapani hubeba viambishi mwishoni, kimoja baada ya kingine, nacho husimama mwisho wa sentensi. Kuiandika lugha kama hiyo kwa alama za Kichina ni kuvaa nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Msomaji aliyekwisha kusumbuka na hati za zamani za pwani yetu, akijiuliza kama irabu fulani ni *e* au *i*, au kama herufi fulani yasimama badala ya *p* au *b*, hataona taabu kulifahamu jambo hili. Waandishi wa Nara walikuwa na njia mbili. Waliweza kuichukua alama kwa maana yake, wakaisoma kwa neno la Kijapani. Au waliweza kuichukua kwa sauti yake tu, wakaisahau maana yake kabisa. Mara nyingi walizichanganya njia zote mbili katika mstari mmoja.

Kwa mtindo huo ziliandikwa kazi ambazo Wajapani wazihesabu kuwa mwanzo wa vitabu vyao. Kojiki, kitabu cha visa vya miungu na wafalme, kiliandikwa na O no Yasumaro, akakitoa kwa Malkia Genmei mwaka 712. Nihon Shoki, tarikh iliyoandikwa kwa Kichina, ilimalizika mwaka 720. Diwani iitwayo Man'yoshu, yenye mashairi zaidi ya 4,500, ilikusanywa katika nusu ya pili ya karne ya 8, na shairi lake la mwisho lenye tarehe ni la mwaka 759. Katika karne ya 20, mtaalamu Hashimoto Shinkichi alionyesha ya kuwa waandishi wa wakati huo hawakuzitumia alama za sauti ovyo. Silabi ambazo leo ni moja, kama vile *ki* au *ko*, ziliandikwa kwa makundi mawili ya alama yasiyochanganywa, maana katika masikio ya watu wa Nara zilikuwa sauti mbili mbalimbali. Hivyo hati ya kuazima, ambayo wengi waliilaumu kwa uzito wake, iliweka akiba ya matamshi yaliyopotea kabla ya Wajapani kujitengenezea hati yao nyepesi.

Sasa tuiendee sanamu. Miaka 735 hata 737 ndui iliingia nchini, ikaua watu wengi mno. Wataalamu wengine hukadiria kuwa robo ya watu wote wa Japani, au zaidi, walikufa. Ndugu wanne wa ukoo wa Fujiwara, walioushika uendeshaji wa serikali, walikufa wote mwaka 737. Mwaka 740 yalizuka maasi katika kisiwa cha Kyushu. Mfalme Shomu, mtu wa dini sana na mwenye moyo usiotulia, aliuacha mji wa Nara akahamahama kwa miaka mitano, akijenga kasri huku na huku. Mwaka 743 alitoa amri ya kutengenezwa sanamu kubwa ya Budha, akaagiza kwamba hata mtu asiyeweza kuleta ila jani moja la majani au konzi ya udongo asikataliwe. Aliporudi Nara mwaka 745 kazi ikahamishiwa huko, katika hekalu lililokuja kuitwa Todaiji. Mtawa Gyoki, ambaye hapo zamani serikali ilimkataza kuhubiri barabarani, alitakwa sasa akusanye watu na mali, kwa sababu watu wa chini walimsikiliza yeye kuliko walivyowasikiliza maofisa.

Mwili wa sanamu ulisubiwa kwa shaba, tabaka juu ya tabaka, toka 747 hata 749. Ukiwa umekaa, unafika mita 15 kasoro kidogo. Dhahabu ya kuupaka ilikuwa haitoshi, mpaka mwaka 749 ilipoletwa habari kwamba imeonekana katika jimbo la Mutsu, kaskazini. Dhahabu hiyo iliyeyushwa ndani ya zebaki, ikapakwa, na zebaki ikafukuzwa kwa moto. Mwaka 752 zilifanywa sherehe za kuyafungua macho ya sanamu, yaani kuyachora mboni. Aliyeishika kalamu alikuwa Bodhisena, mtawa kutoka Bara Hindi aliyefika Japani mwaka 736. Kalamu ilifungwa uzi mrefu wa rangi ya samawati, watu waliohudhuria wakaushika, ili kila mmoja awe na sehemu yake katika tendo lile. Kalamu hiyo na uzi huo vipo mpaka leo.

Budha aonekanaye sasa si yule wa 752 kamili. Mwaka 1180, katika vita vya koo za Taira na Minamoto, jeshi la Taira no Shigehira liliyachoma mahekalu ya Todaiji na Kofukuji. Mtawa Chogen, aliyekwisha kupita umri wa miaka 60, alipewa kazi ya kujenga upya. Akaenda hata magharibi ya mbali kutafuta magogo, akatumia ufundi wa ujenzi aliojifunza Uchina. Lango Kuu la Kusini lililosimama mwaka 1199 ni kazi yake, na ndani yake wamesimama walinzi wawili wa mti, warefu kuliko mita nane, waliochongwa na Unkei, Kaikei na mafundi wao mwaka 1203 kwa siku 69 tu. Kwa maoni yangu lango hili lapita jumba lenyewe kwa uzuri, maana halina pambo hata moja. Uzuri wake ni mihimili yake. Mwaka 1567 jumba likaungua tena vitani, na sanamu ikakaa kwa muda mrefu ikinyeshewa mvua. Kichwa kilichopo ni cha mwisho wa karne ya 17, na jumba lilimalizika mwaka 1709, likapunguzwa upana kwa uhaba wa fedha na wa miti mikubwa: mita 57 hivi, badala ya 86 za zamani. Atakaye kuiona kazi ya karne ya 8 na azitazame petali za ua la yungiyungi ambalo Budha amelikalia. Humo mna michoro ya mbingu iliyokwaruzwa kwa mstari mwembamba, nayo imeepuka moto zote mbili.

Nyuma ya jumba hilo, kaskazini-magharibi, ipo ghala ya mti iitwayo Shosoin. Mfalme Shomu alifariki mwaka 756, na siku ya 49 ya matanga mjane wake, Malkia Komyo, alivitoa vyombo vyake zaidi ya 600 viwe wakfu kwa Budha, akasema kwamba akivitazama moyo wake wavunjika. Ghala ina urefu wa mita 33, nayo imeinuliwa juu ya nguzo kiasi cha kumwezesha mtu kupita chini. Milango yake ilitiwa muhuri, isifunguliwe ila kwa idhini ya mfalme. Humo mlihifadhiwa vitu 9,000 hivi: bakuli ya kioo iliyokatwa kwa ufundi wa Uajemi, nguo, silaha, madawa, na ala ya nyuzi tano, ndugu wa udi wetu, iliyopambwa kwa picha ya mwanamuziki aliyepanda ngamia. Ala ya namna hiyo haikusalia nyingine popote. Isidhaniwe, lakini, kwamba ghala ilifungwa ikasahauliwa. Madawa yake yalitolewa kwa wagonjwa, na mwaka 764, yalipotokea maasi ya Fujiwara no Nakamaro, silaha zake zilichukuliwa vitani, na nyingi hazikurudi. Siku hizi vitu vyenyewe vimehamishwa katika majengo ya saruji, na kila mwaka vichache huonyeshwa hadharani katika jumba la makumbusho la mjini.

Kwa wasomaji wa jarida hili, hazina kubwa ya Shosoin si ile bakuli wala ile ala. Ni rundo la karatasi kiasi cha elfu kumi. Todaiji ilikuwa na ofisi ya kunakili vitabu vya dini, iliyoandika maelfu ya hati za kukunja. Karatasi ilikuwa ghali. Serikali nayo ilikuwa na sheria kwamba daftari za kuhesabia watu zikitimiza miaka 30 zitupwe. Basi daftari hizo, na karatasi nyingine za serikali zilizokwisha kazi, zilipelekwa katika ofisi ya manakili, nao wakaandika hesabu zao kwa nyuma, penye weupe. Kwa njia hiyo, upande mmoja zikasalimika daftari za watu za mwaka 702, ambazo ni za kwanza kabisa kuonekana Japani, zenye majina na umri wa wanakijiji, kaya kwa kaya. Upande wa pili tunazo habari za ofisi yenyewe.

Na habari hizo zasikitisha na kuchekesha pamoja. Manakili alilipwa kwa hesabu ya kurasa. Akiruka neno au mstari hukatwa mshahara, na msahihishaji asipoliona kosa naye hukatwa. Zimesalia barua zao za kuomba ruhusa: mmoja anaumwa tumbo, mwingine nyumba yake imeibiwa, mwingine nguo yake ya kazi ni chafu naye hana budi kuifua. Kuna rasimu moja ya barua ambayo ndani yake maombi yameorodheshwa. Waandishi wataka wabadilishiwe nguo zilizovaliwa kupita mwaka ambazo, hata zikifuliwa, zingali zanuka. Wataka mapumziko ya siku tano kila mwezi. Wataka chakula kisicho duni. Nao wataka wapewe pombe kila siku ya tatu, kama dawa, kwa kuwa kukaa mezani mchana kutwa kumewaletea maumivu ya kifua na ganzi ya miguu. Vile vitabu vitakatifu vyasifiwa kwa mwandiko wao, nao ni mwandiko mzuri kweli. Aliyeisoma barua hii hawezi tena kuutazama mwandiko huo bila ya kuikumbuka ile miguu.

Ni lazima kutaja hapa hasara iliyoletwa na nia njema. Kati ya mwaka 1833 na 1836 ghala ilipofunguliwa, mwanachuoni Hoida Tadatomo alizitambua zile karatasi za serikali, akazipenda kwa mihuri yake na ukale wake. Akazichomoa, akazipanga upya katika hati 45, kwa kufuata upande alioujali yeye. Kumbe upande wa pili hesabu za manakili zilikuwa zimefuatana, na kwa kupangwa huko zikatawanyika. Mpaka leo wataalamu wangali wakiziunganisha, wakilinganisha kingo, madoa na matundu ya wadudu, ili kujua ukurasa upi ulifuata upi.

Tuurudie mji. Mwaka 784 Mfalme Kanmu aliihamisha serikali Nagaoka, na mwaka 794 akaipeleka Kyoto. Kwa kawaida husemwa kwamba alikimbia nguvu za watawa, na kisa cha mtawa Dokyo, aliyekaribia kukalia kiti cha ufalme mwaka 769, chatajwa kuwa ushahidi. Sababu hiyo ina uzito, lakini haikuwa peke yake: Nara haikuwa na mto mkubwa wa kupitisha mizigo. Mahekalu hayakuruhusiwa kumfuata mfalme, nayo ndiyo yaliyoushika mji usife. Kofukuji, hekalu la ukoo wa Fujiwara, lilipata nguvu hata likalitawala jimbo zima la Yamato. Pamoja nalo lilikuwapo hekalu la Kasuga, la miungu ya kienyeji ya ukoo ule ule, lililowekwa mwaka 768, lenye taa kama 3,000 za mawe na za shaba. Yasimuliwa kwamba mungu mmoja wa Kasuga alikuja toka mashariki amepanda kulungu mweupe. Ndiyo sababu kulungu wa Nara waliheshimiwa, na zamani aliyemwua mmoja aliweza kupata adhabu ya kifo. Walikuwa wamebaki wachache mno vita vikuu vilipokwisha mwaka 1945. Sasa wanazidi elfu moja, na wameng'amua kuinamisha vichwa ili wapewe chakula.

Heshima ya mahekalu nayo haikudumu. Mwaka 1868 serikali mpya ya Meiji iliamuru miungu ya kienyeji itengwe na dini ya Budha, na watu wengi wakaifanya amri hiyo kuwa ruhusa ya kubomoa. Watawa wa Kofukuji walivua kanzu zao wakawa makuhani wa Kasuga, kuta za hekalu zikaangushwa, na uwanja wake ukawa bustani ya watu wote. Husimuliwa kwamba ule mnara wa orofa tano, uliojengwa mwaka 1426, wenye kimo cha mita 50, uliuzwa kwa bei ya kutupa kwa mtu aliyetaka kuuchoma ili apate vyuma vyake, na kwamba uliokolewa na majirani walioziogopea nyumba zao moto.

Mahali pa kasri, wakati huo, pamekuwa mpunga kwa miaka zaidi ya elfu. Mwisho wa karne ya 19 Sekino Tadashi, mtaalamu wa ujenzi, alitambua kwamba kitutu kimoja mashambani kilikuwa msingi wa jumba kuu la kasri. Mkulima wa miche aitwaye Tanada Kajuro alitumia maisha yake na mali yake kutaka mahali pale palindwe. Mwaka 1914 reli ilikwisha kupitishwa katikati yake. Yeye alijiua mwaka 1921, na mwaka 1922 pakatangazwa kuwa mahali pa historia. Hata hivyo ulinzi haukuwa kamili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ulitolewa mpango wa kujenga karakana ya magari ya reli ndani ya eneo la kasri, watu wa nchi nzima wakaupinga, na serikali ikalazimika kuinunua ardhi.

Jambo lililowapa wapinzani nguvu lilitoka shimoni. Mwezi wa Januari 1961, wachimbaji walikuta vibao 40 hivi katika shimo la takataka la kasri, vimeandikwa kwa wino. Kimojawapo kilikuwa ombi la hekalu fulani kutaka kunde ndogo nyekundu, mchuzi wa kuungia, na siki. Vibao vya namna hii, viitwavyo *mokkan*, vilikuwa barua fupi, hati za kufungia mizigo ya kodi, na mahali pa kujifunzia mwandiko. Kibao kikiisha kazi huparuzwa kwa kisu kikaandikwa tena, na maparuzo hutupwa. Maji ya mashamba ya mpunga ndiyo yaliyovihifadhi, kwa kuwa mti uliozama katika tope hauozi upesi. Mji ungalikaa mji, wenye visima, misingi na mahandaki mapya kila kizazi, visingalionekana.

Miaka ya 1986 hata 1989, kusini-mashariki ya kasri, mahali palipokusudiwa kujengwa duka kubwa, palichimbwa kwanza. Lilionekana handaki lenye vibao elfu 35 hivi, na baadaye, pembeni mwa barabara, vingine zaidi ya elfu 70. Vibao vya kwanza vilidhihirisha kwamba hapo palikuwa nyumba ya Mwana wa Mfalme Nagaya. Mtu huyu, mwaka 729, alishitakiwa kuwa alipanga kumpindua mfalme kwa uchawi; nyumba yake ikazingirwa, naye akajiua pamoja na mkewe na watoto. Tarikh ya serikali yenyewe, ikisimulia mambo ya mwaka 738, yamwita mshitaki wake mtu aliyesingizia. Vibao havisemi lolote juu ya kesi. Vyasema juu ya mpunga uliopimiwa mbwa na makorongo wa nyumbani, maziwa ya ng'ombe, barafu iliyoletwa kutoka ghala yake milimani, na mafundi waliokula mezani pake. Lakini kibao kimoja kilichofungwa katika mzigo wa *awabi*, ambaye ni konokono mkubwa wa baharini, kinamtaja Nagaya kwa cheo ambacho kwa sheria hupewa mwana au ndugu wa mfalme anayetawala, nacho ni kikubwa kuliko kile alichopewa na tarikh. Je, tarikh ilimpunguza, au watumishi walimkweza bwana wao? Majibu mawili haya yangali yakishindana. Duka lilijengwa juu ya uwanja huo, likafunguliwa mwaka 1989. Mwaka 2000 lilikuwa limefungwa.

Kwa upande wa lugha, vibao vimebadili fikira moja iliyokuwa imekubaliwa. Ilidhaniwa kwamba ufundi wa kuandika Kijapani kwa sauti ya alama ulikuwa kazi ya washairi na wanavyuoni wakuu. Sasa imeonekana ya kuwa makarani wa kawaida waliutumia kila siku, katika majina ya samaki, ya mwani na ya vijiji, na kwamba walipojaribu kalamu waliandika mara kwa mara silabi za shairi moja lile lile mashuhuri, kama vile mwanafunzi aandikavyo alifu na be.

Mwezi wa Januari 1979, katika vilima vya mashariki ya mji, mkulima aliyekuwa akishughulikia mashina ya michai alifukua kaburi la mtu aliyechomwa, na ndani yake bamba jembamba la shaba lenye maandishi ya mistari miwili. Lilikuwa la O no Yasumaro. Kwa muda mrefu baadhi ya wanavyuoni waliushuku utangulizi wa Kojiki, na wengine hata jina la aliyeutia sahihi. Bamba halikukitaja kitabu. Limetaja cheo chake, siku ya kufa kwake mwaka 723, na mtaa aliokaa: upande wa kushoto wa mji, safu ya nne, kitalu cha nne. Mahali hapo paweza kuonyeshwa katika ramani ya Nara hata leo, magharibi ya mahekalu, si mbali na reli.